Tarehe Tuliyoikunja

Kabla ya yote, wanangu, kidole gumba. Ukishika hendeli ya kuwashia injini ya mashine ya kusaga, gumba likae upande mmoja na vidole vingine vinne, lisizunguke kukumbatia chuma. Injini ikigoma na kurudi nyuma, hendeli itakuponyoka na kwenda zake. Kama gumba limeikumbatia, litakwenda nayo. Najua mashine zenu ni za umeme na kazi yenu ni kubonyeza tu. Nawaambia hivyo hivyo, kwa sababu umeme wa Sumbawanga naujua, na kwa sababu mimi ni mtu wa kuhofia hata mambo yaliyokwisha pita.

Nimesaga nafaka za watu mjini hapa kwa miaka inayokaribia thelathini, mpaka kifua kilipochoshwa na vumbi la ulezi. Wengi wenu mmekuja kuniuliza habari za zile nyundo zinazoponda nafaka ndani ya mashine, na chekeche, na nimewajibu bila uchoyo. Ila kuna kitu hamjaniuliza, na ndicho kinachonitia tumbo joto nikipita kwenye mashine zenu foleni ikiwa ndefu. Nawasikia mkitoa maoni. Nani atamfunga nani Jumamosi, chama gani kimekwisha, mahindi yauzwe leo au yangoje. Mnayatoa kama mtu anavyofukuza nzi. Mimi katika maisha yangu nilitoa maoni mengi, lakini yaliyosikilizwa kweli kweli ni ya siku moja tu, na mama mmoja mjane aliyalipia kwa jembe lake.

Nitafika huko. Kwanza mjue nilivyokuwa.

Nilikuwa na shahada na hofu, na sikujua kipi kilitangulia. Tulisoma tukijua kwamba ukimaliza chuo serikali inakupangia kituo cha kazi, unapewa barua na nauli, unakwenda. Sisi tulipomaliza, ikawa ni zama za soko huria. Ajira zilikuwa zimefungwa na waliokuwa kazini walikuwa wakipunguzwa. Nikarudi Sumbawanga na vyeti ndani ya bahasha, nikawa kila asubuhi naifungua bahasha kuhakikisha havijaliwa na panya. Panya wenyewe nadhani walikuwa wakinihurumia.

Baba yangu mdogo, Mzee Deo, naye alikuwa amepunguzwa. Alikuwa mtunza ghala wa shirika lililokuwa likinunua nafaka za wakulima zamani, kabla biashara hiyo haijaachiwa kila mwenye lori. Kiinua mgongo chake alinunulia mashine ya kusaga na injini ya dizeli iliyokohoa kama babu aliyelala kwenye baridi. Akaniambia, "Yustina, njoo ukae hapa wakati unangoja barua yako ya serikali."

Barua ile mpaka leo naingoja.

Alinifundisha kazi kwa maneno machache. Mahindi unayang'ata kwanza. Yakipasuka kwa mlio mkavu, mimina. Yakibonyea, mrudishie mwenyewe akaanike, hata akikutukana. Unga unaotoka unaugusa kwa nyuma ya kiganja. Ukiwa wa moto kupita kiasi, nyundo zimechakaa, zigeuze upande. Ulezi usage mwisho wa siku, maana una mchanga na hakuna anayetaka ugali wake wa mahindi uwe mweusi. Na usikilize. "Injini ikibadilisha sauti, hata kama unaongea na Askofu, mwache," alisema. "Askofu atasubiri. Nyundo ikichomoka haisubiri."

Kwangu mimi amri hiyo ya kusikiliza ilikuwa mateso. Nilisikia hitilafu kila baada ya dakika tano. Nilizima injini mara nyingi hadi wateja wakasema mashine ya Mzee Deo ina kwikwi. Siku moja nilizima kwa sababu ya mlio wa ajabu, nikafungua kila boliti, nikakuta kila kitu salama. Mlio ulikuwa wa mtoto mgongoni kwa mama yake, akicheua.

Basi, zilipoingia zile zama, kila mtaa ukaota mashine. Tulikuwa wachache, ghafla tukawa wengi, na wateja walewale. Wa mtaa wa pili akashusha bei. Wa karibu na soko akaweka benchi la kukalia. Baba mdogo akafikiri siku mbili, kisha akaja na lake. "Watu hawapendi kusubiri," alisema, "ila wanapenda kubishana. Tutanunua magazeti, wewe utasoma kwa sauti. Una digrii, na hofu yako yote ile, sauti unayo."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa msaga unga na msemaji wa dunia. Ndoo na madebe yalipangwa sakafuni, kila moja kwenye nafasi yake ya foleni, na wenyewe wakakaa pembeni kwenye magunia kunisikiliza. Wakaanza kuja hata watu wa mitaa ya mbali, wanapita mashine tatu kuja kwetu. Waliniita Msomi. "Msomi, leo kuna nini?" Na baada ya kusoma, hawakutosheka. "Sawa, gazeti limesema. Na wewe unasemaje?"

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoingilia. Mtu mwenye wasiwasi akiulizwa maoni hawezi kukaa kimya, anaona ukimya wake utaleta hasara. Nilikuwa na maoni ya kila kitu, na kila oni nililitafuna kwanza kwa siku tatu, kwa hiyo nilipolitoa lilionekana limeiva.

Kwenye mpira nilipata funzo mapema. Timu mbili kubwa za Dar es Salaam zilikuwa zinacheza, ile nyekundu na ile ya kijani, nami nilikuwa nasikiliza redio huku nasaga. Betri zilikuwa dhaifu, nilizianika juani asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Zikafa dakika za mwisho, bado hakuna aliyefunga. Nikatangaza, "Sare!" Nikaeleza na sababu za sare, kwa kirefu, mabeki na upepo. Shabiki mmoja wa kijani na jirani yake wa nyekundu wakapeana shikamoo, maana walikuwa wamewekeana sharti kwamba atakayeshindwa atamwamkia mwenzake mwezi mzima, na kwa sare wote wawili waliamkiana siku ile. Kesho yake ikajulikana nyekundu walifunga dakika ya mwisho kabisa. Yule wa nyekundu akaja mashineni amekunja mikono ya shati, yule wa kijani nyuma yake. "Msomi, nimempa huyu shikamoo ya bure! Nitairudishaje? Hebu nieleze, shikamoo inarudishwaje?" Walikunjana mpaka ndoo ya sembe ya mama wa watu ikamwagika, na Baba mdogo akaijaza kwa mahindi yetu.

Kwenye siasa Baba mdogo alikwisha weka sheria: unga hauna chama. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, na mjini paliibuka kofia za rangi tusizozizoea. Mteja wetu mmoja alivaa mbili, moja juu ya nyingine, anageuza kulingana na aliyekaa karibu yake. Wananiuliza, "Msomi, hivi vyama vingi vitatufikisha wapi?" Mimi moyoni nilikuwa nimeshakata shauri kwamba ni vita. Nilinunua chumvi ya kutosha mwaka mzima, nikaificha chini ya kitanda. Vita haikuja. Chumvi ilinyonya unyevu wa masika ikawa jiwe, mama yangu akawa anaivunja kwa mchi na kunitazama.

Uchumi ndio niliokuwa nimeusomea. Kwa hiyo huko ndiko nilikokosea zaidi.

Sasa niwaeleze habari ya tarehe. Magazeti yalikuja kwa basi kutoka Mbeya. Barabara ikiwa nzuri, yalifika yana siku mbili. Ikiwa mbaya, yalifika yana wiki, yakiwa yamefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Kwetu gazeti la leo lilikuwa lile lililofika leo. Lakini wateja ni watu. Wakiona tarehe ya juzi wanaguna, "Aa, hilo la zamani, mtaa wa pili wana jipya." Uongo mtupu, wa mtaa wa pili alikuwa ananunua kwenye basi hilohilo. Baba mdogo akaniamuru niwe nakunja ukingo wa juu wa gazeti, pale tarehe inapokaa, kabla sijalifungua mbele za watu. Mkunjo mdogo tu, kama pindo la kanga. Nikazoea. Mimi ninayehakikisha mlango mara tatu nilikuwa nakunja tarehe bila hata kuitazama.

Nilijitungia utaratibu mmoja: kondakta alikuwa akifunga la zamani juu na jipya chini, nami nasoma kutoka juu kwenda chini, habari zifuatane. Utaratibu mzuri, haukuwahi kukosea. Ndiyo maana sikuuogopa, na katika maisha yangu yote hicho ndicho kitu pekee nilichosahau kukiogopa.

Mama Leokadia alikuwa mjane wa kijiji kimoja cha upande wa kaskazini, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Mwembamba, rozari shingoni, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Tangu mumewe afariki alikuwa akilima peke yake kwa jembe la mkono, akikata nyasi na kuzifukia kwenye yale matuta yetu ya duara tunayoyaita ntumba. Kazi hiyo inavunja mgongo wa mwanamume. Mwaka ule alipata mahindi mazuri, na alikuwa na jambo moja tu kichwani: maksai wawili na plau.

Maksai walikuwepo. Masanja, Msukuma mfugaji aliyekaa Muze, kule bondeni karibu na Ziwa Rukwa, alikuwa amepandisha ng'ombe mnadani na kubakiza wawili waliofundishwa kulima. Alimpenda Mama Leokadia kwa ubishi wake. "Nitakushikia hawa mpaka mvua ya kwanza," alimwambia. "Mvua ikigusa ile njia ya kuteremkia bondeni, mimi na ng'ombe wangu tutafika Muze kwa makalio. Kwa hiyo mvua ya kwanza, mama, nateremka. Ukiwa na fedha, ni wako. Huna, nateremka nao."

Siku hiyo Mama Leokadia alileta magunia yake kwa mkokoteni wa kuazima. Mbele ya mashine yetu, kwa sababu tulikuwa na mizani, lilisimama lori la mnunuzi kutoka Mbeya. Bei aliyotaja haikuwa ya kufurahisha, lakini ilitosha maksai wawili na plau, na baki kidogo. Mama akashika kiuno.

"Yusta," akaniita kupitia dirishani, "zima hilo dude. Niuze au ningoje?"

Magazeti yalikuwa yamefika asubuhi ileile. Basi lilikuwa limekwama njiani siku mbili. Nilikuwa nimesoma la juu: mahindi marufuku kuvuka mpaka. Watu wakaguna. Kisha nikasoma la chini: serikali yaruhusu mahindi kuvuka mpaka. Wakapiga makofi. Nami nikawaeleza, tena kwa ufundi, kwamba mnaona, wamekataza, wameona hasara, wamefungua.

Nikazima injini. Nikafikiri. Mnunuzi aliegemea mlango wa lori lake anachokonoa meno. Nikaona, huyu anajua mpaka umefunguliwa, ndiyo maana ana haraka. Nikaona mahindi yanateremka Kasanga, yanapakiwa kwenye maboti, yanavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo, na bei inapanda kila wiki. Yote niliyaona waziwazi. Mtu mwenye wasiwasi huona mbali sana, hasa vitu visivyokuwepo.

"Mama," nikasema, "ningekuwa mimi, ningengoja wiki mbili."

"Mvua je?"

"Mvua bado. Wiki mbili tu."

Mnunuzi akacheka. "Haya, mama, msikilize binti. Mimi napita vijijini siku mbili tatu kujaza lori, halafu nakwenda zangu. Sina wiki mbili."

"Na mimi sina haraka ya kuibiwa," Mama Leokadia akamjibu. "Mtoto wa Deo kasoma mpaka macho yamemtoka. Wewe umesoma nini, pleti namba?"

Watu wakaangua kicheko. Akageuza mkokoteni na magunia yake yote. Nilimtazama akiondoka, na nakumbuka nilijisikia vizuri, jambo ambalo lingepaswa kunishtua.

Kesho yake, saa nne hivi asubuhi, akaja mama muuza vitumbua kuchukua magazeti yaliyosomwa, ayafungie biashara yake. Nilianza kuyachana vipande vya kumtosha. Ukingo uliokunjwa ulikuwa unanisumbua, nikaunyoosha. Nikaona tarehe. La chini, lile la ruhusa, lilikuwa la Jumatatu. Nikanyoosha la juu, la marufuku. Alhamisi.

Nikayaweka mezani na kuyatazama. Kumbe basi lilipokwama, furushi liliangukia topeni kwenye kijito, kondakta akalifungua, akayapangusa, akayafunga upya kichwa chini, jipya juu na la zamani chini. Hayo niliyajua baadaye. Pale nilijua jambo moja tu: ruhusa ilikuja kwanza, marufuku ikafuata. Mpaka ulikuwa umefungwa. Mama wa watu amerudisha mahindi yake kwa neno langu, lori linajazwa vijijini, na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yanajikusanya, meupe kwanza kama pamba.

"Dada, vipi, unachana au huchani?" aliuliza muuza vitumbua.

"Chukua mengine," nikamwambia. "Haya mawili siyatoi."

Nikamwendea Baba mdogo nyuma ya banda alikokuwa anapaka mkanda nta. Nikamweleza. Aliendelea kupaka mkanda wake.

"Wewe si serikali," alisema mwishowe. "Hukufunga mpaka wewe."

"Nilimwambia angoje."

"Ulimwambia, ningekuwa mimi. Maoni hayana risiti, Yustina. Kesho wanaweza kufungua tena, unajua tabia yao. Ukienda kutangaza kwamba tunakunja tarehe hapa, wateja watahamia mtaa wa pili na benchi lao. Kaa."

Nikakaa. Nilisaga madebe matatu. Na kwa sababu ndivyo nilivyo, nilijengea ukimya wangu hoja nzuri tu: pengine watafungua kweli, pengine mvua itachelewa, pengine Masanja atamvumilia, pengine lori limeshajaa na kwenda hakutasaidia. Hoja zilisimama vizuri moja juu ya nyingine. Kisha nikagusa unga unaotoka kwa nyuma ya kiganja, ukaniunguza. Nyundo zilikuwa zimekwisha, na injini ilikuwa imebadilisha sauti muda mrefu, na mimi, ninayesikia hata mtoto akicheua, sikuwa nimesikia.

Nikazima. Nikachukua baiskeli ya Baba mdogo bila kuomba.

Upepo wa huku juu mnaujua. Ulinisukuma kifuani njia nzima. Magazeti mawili niliyachomeka ndani ya sweta. Nilikuwa natunga hotuba: nitaanza na salamu, nitaeleza habari ya basi, kisha kijito, hapana sikujua kijito bado, nitaeleza soko huria na athari zake. Mawingu yalikuwa yamepata rangi ya sufuria. Nilipofika nikamkuta anapepeta ulezi mbele ya kihenge chake, na hotuba yote ikatoka nje kama hewa ya tairi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bei imepanda tayari?"

"Mama, nimekudanganya. Sikukusudia."

Nikamnyooshea magazeti, nikamwonyesha tarehe kwa kidole. Alizitazama kwa muda, kisha akanirudishia.

"Mimi haya sikuyasoma," alisema. "Nilikusikia wewe."

Wanangu, nimetukanwa na wateja wa kila aina. Hakuna tusi lililoniingia kama maneno hayo matano. Nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kama mtu anavyoacha mahindi yakauke, halafu akatupa ungo chini.

"Utalia jioni. Lori liko wapi?"

"Kwa hakika sijui. Alisema anajaza vijijini."

"Lilipita hapa asubuhi, likakata kulia. Huko ni kijiji kimoja tu na njia inarudi hapahapa. Bibi we, acha kujifuta pua, shika gunia upande huo!"

Tuliazima mkokoteni wa jirani, tukabeba mimi na yeye na shemeji yake, gunia baada ya gunia, mpaka kwenye njia panda. Tukakaa juu ya magunia. Saa tisa hivi lori likatokea, limesheheni, vumbi nyuma. Mnunuzi akasimamisha mwenyewe. Alitutazama, akatazama mawingu, akatazama magunia.

"Binti msomi," akasema. "Wiki mbili zimekwisha mara hii?"

Nilimwonyesha gazeti la Alhamisi. Alilijua kabla yangu, bila shaka.

"Nafasi niliyonayo ni ya magunia nusu ya haya," alimwambia Mama Leokadia. "Na bei si ile ya jana. Jana ulikuwa na lori, leo una njia panda."

Mama akamtukana kwa Kifipa, kwa utaratibu, akianzia ukoo. Mnunuzi hakuelewa neno lakini alitikisa kichwa kwa heshima. Kisha wakapatana, naye akapakia nusu. Nusu nyingine tukairudisha kihengeni. Matone ya kwanza yalitukuta mlangoni.

Nililala kwake, na asubuhi Masanja alikuwa tayari kwenye njia inayopita pale kijijini kuteremka Muze, amevua viatu amevitundika begani, ng'ombe mbele. Mama alimkimbilia nami nikiwa nyuma yake. Kiasi alichokuwa nacho kilitosha maksai mmoja. Plau hakuna.

Masanja akakuna kichwa kwa fimbo. "Mama, ng'ombe mmoja ni rafiki tu. Halimi. Plau naweza kukuazima, ninalo bovu kwa binamu yangu hapo mjini. Lakini nira ina shingo mbili. Wa pili yuko wapi?"

Mama Leokadia akanigeukia. Akanishika begani, akanipima kama wapimavyo mnadani, mpaka meno.

"Wa pili ninaye," alisema. "Huyu hapa. Ana digrii."

Masanja alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Lakini mama hakuwa anatania sana. Msimu ule wote, kila Jumamosi, nilikwenda kwake na jembe. Ng'ombe yule alivuta kuni na maji. Ntumba tulipiga mimi na yeye, nyasi chini, udongo juu, mgongo ukilia. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa ngozi. Hakunisema hata siku moja. Aliimba nyimbo za kanisani na kunipita tuta baada ya tuta.

Mpaka haukufunguliwa mwaka ule. Mahindi yaliyobaki walikula nyumbani kwake, mengine wakagawana na wadudu wa dumuzi. Mwaka uliofuata akauza mapema, kwa mnunuzi yuleyule, bila kumwuliza mtu, akapata maksai wa pili.

Na Baba mdogo? Nilirudi mjini siku ile tulipompata Masanja, nimelowa, nikijua atanifukuza. Nikakuta wateja wamekaa kimya wanamtazama yeye. Alikuwa amesimama na gazeti mkononi, ukingo umenyooshwa, anasoma taratibu kama mtoto wa darasa la pili: siku, tarehe, mwezi. Baadaye aliandika kwa mkaa ukutani, juu ya mizani: HABARI HIZI NI ZA LINI? Wateja wachache walihamia mtaa wa pili. Wengi walirudi, maana benchi la kule lilikuwa na kunguni.

Sikuacha kuwa na maoni. Nisingeweza, ni kama kuacha kukohoa. Ila nilijifunza kuuliza kwanza maswali mawili. Habari niliyoishika ni ya lini? Na nikikosea, nani atashika jembe? Kwenye mpira jibu la pili ni jepesi, mtu atampa mwenzake shikamoo ya bure. Ninyi mna simu, habari zinawafikia kabla hazijatokea, na nawasikia mkimwambia mama aliyeleta debe lake moja, uza, usiuze, ngoja, kimbia. Mnanitia hofu. Pengine nahofu bure, chumvi yangu ni shahidi. Lakini nyoosheni ukingo kwanza.

Wale maksai wawili alilima nao miaka mingi. Wa kwanza, aliyenunuliwa siku ya mvua, alimwita Gazeti. Wa pili alimwita Msomi. Nikipita njia ya kule msimu wa kulima nilikuwa nasikia sauti yake kutoka ng'ambo ya bonde: "Msomi! Acha kuwaza, vuta!" Na mimi, juu ya baiskeli, bila kufikiri, nilikuwa najikuta nakanyaga pedali kwa nguvu zaidi.